Gobore Lina Risasi Moja Tu

Je, mtoto wa miaka 14 akabidhiwe bunduki? Mama yeyote akiulizwa swali hilo atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Sisi wazazi tulilijadili kwa misimu miwili ya baridi kabla ya kukubali. Tungependa kuwaeleza akina mama wenzetu jinsi tulivyofikia kukubali, na jinsi binti yetu alivyompata ayala wake wa kwanza katika shamba la familia huko Pennsylvania, Marekani.

Mnyama na silaha

Huyu ni ayala wa mkia mweupe. Ukimwona kwa mbali utamdhani kulungu wetu wa Afrika, lakini pembe za dume huanguka kila mwaka na kuota upya. Wakati fulani alikaribia kwisha kabisa Pennsylvania kwa kuwindwa ovyo. Mwaka 1895 jimbo liliunda tume ya kulinda wanyama pori, na kuanzia 1906 ayala waliletwa kutoka majimbo mengine ili wazaane upya. Leo ni wengi mno. Hula mazao shambani, na usiku hugongana na magari barabarani. Ndiyo sababu kuwinda kwa leseni, na katika msimu uliowekwa, ni njia mojawapo ya kupunguza idadi yao.

Gobore wengi wetu tunalijua. Kwetu Afrika Mashariki limepata sifa mbaya kwa sababu ya ujangili, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Pennsylvania, kinyume chake, imelitengea gobore la gumegume msimu wake tangu 1974. Msimu huo huja baada ya Krismasi, wakati wa theluji.

Bunduki hii hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Hutangulia baruti iliyopimwa, ikafuata risasi ya mviringo iliyozungushiwa kitambaa chenye mafuta, na vyote husukumwa chini kwa mdeki. Ukivuta kifyatulio, jiwe la gumegume hupiga chuma, cheche zikawasha baruti kidogo iliyo kwenye kisahani, ndipo moto huingia ndani. Baruti ikipata unyevu haiwaki. Mpigaji akitikisika katika kitambo hicho kifupi, risasi huenda upande. Kushindilia tena huchukua karibu dakika nzima, na ayala hangoji. Kwa kweli, mwindaji ana risasi moja tu.

Masharti yetu

Sheria ya jimbo hilo humtaka kila mwindaji mpya asome na kufaulu mafunzo ya usalama kabla ya kupewa leseni. Mtoto wa miaka 14 haruhusiwi kuwinda peke yake. Lazima awe na mtu mzima. Tena hairuhusiwi kuwinda kwa bunduki ndani ya yadi 150, yaani kama mita 137, kutoka nyumba ya watu bila idhini ya wenyewe.

Juu ya hayo tuliweka masharti ya nyumbani. Bunduki hukaa ndani ya kabati lenye kufuli, na baruti hukaa mahali pengine. Kila mmoja wetu huvaa fulana ya rangi ya chungwa, ionekane toka mbali. Sharti la mwisho ndilo tulilolirudia mara nyingi kuliko yote: usimpige mnyama kama nyuma yake huoni udongo, maana risasi ikimkosa, au ikimpita, haina budi kuishia mahali.

Siku ambayo hakupiga

Siku ya kwanza tulikaa chini ya miti ya mialoni, sisi wazazi, binti yetu, na babu yake mwenye shamba. Baridi ilikuwa kali. Saa tatu asubuhi ayala mkubwa alisimama mbele yetu, hata mita 50 hazikufika. Binti alilenga. Tulizuia pumzi. Kisha taratibu akaishusha bunduki, na mnyama akaenda zake.

"Mbona hukupiga?" babu yake alinong'ona.

"Kilima kinaishia pale, Babu. Nyuma yake naiona nyumba ya jirani."

Mzee alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akamshika bega. Nyumba ilikuwa mbali kupita kipimo cha sheria, lakini ilikuwa pale. Siku hiyo tulirudi mikono mitupu, na sisi wazazi tuliona kwamba tayari tumepata tulichokuwa tukikitafuta.

Siku ya tatu alitokea jike, mita 40 hivi, bondeni, na nyuma yake ukingo mrefu wa udongo. Cheche, mlio, kisha wingu la moshi mweupe hata hatukuona kitu. Tulingoja nusu saa, kwani mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa haraka hukimbia mbali. Kisha tukafuata damu juu ya theluji. Alikuwa amelala hatua 60 tu kutoka pale aliposimama.

Binti alilia kidogo. Hatukumkataza. Mtoto anayeua mnyama bila kuguswa moyoni angetutia wasiwasi zaidi. Babu alivua kofia, tukashukuru, kisha lebo ya leseni ikafungwa sikioni mwa mnyama kabla hajaondolewa pale, kama sheria inavyotaka.

Kazi ya jikoni

Akina mama, hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Mnyama alitolewa matumbo palepale ili nyama ipoe upesi, kisha akaning'inizwa ghalani kwenye baridi. Kichwa tulikipeleka kupimwa. Upo ugonjwa unaodhoofisha ayala, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967 na kuonekana Pennsylvania mwaka 2012. Haujajulikana kumpata binadamu, lakini wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama aliyeambukizwa isiliwe. Tuligandisha nyama yote, wala hatukuonja hata kipande mpaka majibu yalipokuja: salama.

Jambo la pili ni madini ya risasi. Tulikata na kutupa sehemu kubwa ya nyama iliyozunguka jeraha, maana chembe za risasi huweza kuingia ndani bila kuonekana. Kwa wajawazito na watoto wadogo, wataalamu hushauri kuepuka kabisa nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi ya madini hayo. Kwa hiyo mdogo wake wa miaka minne alipikiwa kuku.

Tulipata kama kilo 20 za nyama isiyo na mfupa. Mafuta yake yaondoe, kwani huganda mdomoni kama nta. Sarara ikaange kwa muda mfupi. Bega lichemshe polepole kwa saa tatu pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na siki kidogo, ulile kwa ugali. Sehemu nyingine tulimpelekea yule jirani wa kilimani. Tena, tangu 1991 kuna shirika la Hunters Sharing the Harvest linalopokea ayala kutoka kwa wawindaji na kuwafikishia nyama wenye njaa wa jimbo hilo.

Neno kwa mama

Huenda nyumbani kwako hakuna gobore. Lakini kuna panga, kuna jiko la mafuta ya taa, pengine kuna pikipiki ya baba. Siku moja mtoto atavishika, ukiwapo au usipokuwapo. Wengi wetu huwa na haraka ya kumwonyesha jinsi ya kukitumia kitu. Mfundishe kwanza kukiacha. Siku atakapokiacha mwenyewe bila kuambiwa na mtu, hapo unaweza kumkabidhi.