Fani na Maudhui Katika Jina la Leso

Wahakiki wetu wamezoea kuzitumia istilahi za fani na maudhui wanapochambua ushairi na riwaya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mvutano baina ya viwili hivyo hujitokeza pia katika leso, au kanga kama iitwavyo kwingineko, vazi lililoenea kote Kwale.

Leso ina sehemu tatu: pindo liizungukalo nguo pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yawekwayo upande wa chini, juu kidogo ya pindo. Pindo na mji ni vya kutazamwa. Jina ni la kusomwa. Mchoraji, basi, ana wajibu wa aina mbili katika nguo moja, na akiutimiza mmoja kwa kuusahau wa pili, leso huharibika.

Nitoe mfano niliouona Msambweni. Bibi mmoja alimnunulia mkaza mwanawe doti ya leso yenye kupendeza mno. Herufi zake zilipindwa mithili ya vikonyo vya maua, na herufi E ilikuwa duara lenye kistari chembamba ndani yake. Jina lilikuwa MWANANGU NAKUPENDA. Bibi alisoma chuoni, na herufi za Kirumi hazijui. Akamwomba mjukuu wake amsomee mbele ya wageni. Mtoto akasoma kwa sauti: "Mwanangu nakuponda." Wageni walicheka. Mkaza mwana hakucheka, hata baada ya leso kutandazwa mkekani na kusomwa upya. Kosa halikuwa la mtoto, bali la mchoro.

Mambo matatu yafaa yazingatiwe. La kwanza ni mahali pa kusomea. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliziona leso zimetandazwa ukutani katika jumba la makumbusho, na majina yote yakisomeka bila taabu. Lakini leso haikukusudiwa ukuta. Ikifungwa kiunoni hufanya mikunjo, na jina hukaa nyuma, likasomwa na mtu aliye mbali, ilhali mvaaji yumo katika mwendo.

La pili ni urefu wa jina. Leso ina urefu wa sentimita 150 hivi. Tuseme jina limepewa mita moja. WEMA HAUOZI lina herufi 10 na nafasi moja, hivyo kila herufi hupata takriban sentimita 9. AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI lina herufi 27 na nafasi nne. Kila herufi hupata sentimita 3 tu. Kwa hiyo ufupi wa jina si umbuji wa lugha peke yake, bali pia ni sharti la macho.

La tatu ni hati. Majina ya mwanzo, mapema katika karne ya 20, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye zikatamalaki za Kirumi. Hati ya Kiarabu yatufunza kwamba pambo na usomaji vyaweza kukaa pamoja. Mwandishi stadi huzinyoosha na kuzipinda herufi apendavyo, ila hathubutu kuipoteza nukta, maana be na te hutofautiana kwa nukta tu. Herufi za Kirumi nazo zina alama zisizoguswa: ule mstari wa kati ndio nukta ya E. Bibi yule, aliyesoma chuoni, angalilijua kosa hilo mara moja katika hati yake.

Yawezekana kudai kwamba soko limebadilika. Ni kweli kwamba mgeni anunuaye leso ufuoni Diani, asiyejua Kiswahili, huliona jina kuwa ua jingine tu. Hata hivyo, anayeitoa leso kwa mkwe, shoga au mke mwenza hununua kauli, na kauli isiyosomeka yaweza kugeuka tusi.

Herufi kubwa nyofu, ndani ya kisanduku kisicho na maua, hazipunguzi uzuri wa leso. Zinauachia mji na pindo kazi yao. Kabla ya kuchapa, wachapaji wangefaa wamfunge mtu leso ya majaribio, wasimame hatua kumi nyuma yake, kisha wamwite mtoto wa shule alisome jina. Akisitasita, mchoro urekebishwe.