Trela la maji: Hesabu uzito kwanza ndipo ununue tairi

UKAME unapokaza Garissa, Wajir na Mandera, watu na mifugo hutegemea maji yanayosafirishwa kwa malori na matrela. Trela likipasukiwa na tairi nyikani, kuna kijiji kitakacholala na kiu.

Tairi la trela halifai kuchaguliwa kwa bei wala kwa urefu wa meno yake pekee. La kwanza kuzingatiwa ni uzito.

Chukua mfano wa trela la ekseli mbili na matairi 8, ambalo likiwa tupu lina uzito wa tani 4. Likijazwa lita 14,000 za maji, uzito wake hufika tani 18, kwani lita moja ya maji ni kilo moja. Uzito huo ukigawanywa sawasawa, kila tairi hubeba kilo 2,250.

Uwezo wa tairi huandikwa ubavuni. Tairi la 295/80R22.5, kwa mfano, huweza kuwa na alama 152/148. Nambari 152 humaanisha kilo 3,550 tairi likifungwa peke yake, na 148 ni kilo 3,150 kwa kila tairi yakifungwa mawili mawili. Kwa trela hilo, linatosha na kubakisha akiba.

Hata hivyo, moja likipasuka, mwenzake huachiwa kilo 4,500, mzigo unaozidi uwezo wake. Ndiyo sababu dereva anayeendelea na safari bila kubadilisha tairi huenda akapoteza yote mawili.

Akiba hiyo pia si ruhusa ya kuongeza mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari huruhusu tani 10 pekee kwa ekseli moja yenye matairi manne.

Adui mwingine ni joto, ambalo Garissa hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi linapozunguka, likajichemsha lenyewe hadi likapasuka. Herufi R katika ukubwa wake huonyesha kuwa ni la radiali, aina isiyopata joto upesi kama yale ya nyuzi za mshazari.

Upepo upimwe alfajiri, matairi yakiwa baridi. Dereva aliyeupunguza ili avuke mchanga sharti aujaze tena kabla ya kushika kasi kwenye lami. Kila anaposimama, akague mawe yaliyonasa kati ya matairi na miiba ya mathenge.

Mnunuzi asome pia umri wa tairi. Tarakimu 3523, kwa mfano, humaanisha lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na meno marefu hayathibitishi kuwa tairi ni changa.