Wapishi wanne, jiko moja: Somo nililopewa na lapi yangu

Usiku wa tatu mfululizo, feni ya lapi yangu ilikuwa inanguruma kama kinu cha posho. Majirani walidhani ninachimba bitcoin. Kumbe ni GROMACS, programu ya bure iliyozaliwa Groningen, Uholanzi, mapema miaka ya 1990. Huiga jinsi atomu zinavyosukumana na kuvutana ndani ya protini.

Niliacha chuo karo iliponilemea, lakini fizikia haikuniacha. Shida ni kwamba kazi ilikuwa inatambaa tu.

Elewa mzigo wenyewe. Programu hii kwa kawaida hupiga hatua ya femtosekunde mbili. Ukitaka kuona mikrosekunde moja tu ya maisha ya protini, hiyo ni hatua milioni 500, na kila hatua nguvu kati ya atomu zinapigiwa hesabu upya. Lazima kazi igawanywe.

Sasa fikiria kibanda cha chakula. Njia ya kwanza: wapishi wanne, jiko moja, meza moja. Kila mtu ananyoosha mkono na kuchukua anachotaka. Hiyo ni kumbukumbu ya pamoja, na ndiyo kazi ya OpenMP, iliyotoka 1997. Lakini wawili wakitia chumvi sufuria moja bila kuambiana, chakula kimeharibika. Tena jiko lenyewe haliwezi kuvuka kompyuta moja.

Njia ya pili: fungua matawi Umoja, Kayole na Rongai. Kila tawi lina vyombo vyake, na likihitaji kitu linapiga simu. Hiyo ni MPI, ya 1994. Kila tawi hupewa kipande chake cha atomu, kisha majirani wanatumiana habari za zile za mpakani. Hapa unaweza kufika maelfu ya kompyuta. Lakini matawi yakizidi, mnashinda kwenye simu badala ya kupika.

Wajanja wakasema, si tuchanganye? Matawi machache, wapishi kadhaa kila tawi. GROMACS ilikumbatia mtindo huo kwenye toleo la 4.6, mwaka 2013. Na unafaa: mashine ya Frontier kule Oak Ridge, Marekani, imeunganisha kompyuta zaidi ya 9,000, kila moja na prosesa ya kori 64.

Mimi je? Lapi yangu ina kori nne. Kwa ujuaji, nilifungua matawi manne, kila moja na wapishi wanne. Watu 16 wakipigania meko manne! Programu ilinionya kwa maandishi, nikapuuza.

Nilipobadilisha kuwa tawi moja na wapishi wanne, kazi ikaanza kusonga. Feni bado inalia, lakini sasa inalilia kitu.

Kabla ya kulia kwamba huna mashine kali, msee, angalia kwanza umeipangaje hiyo uliyo nayo. Na hii programu haijawahi kuniuliza cheti.