Taka za Kiwanda Huanzia Mashineni

Katika kila tani 100 za majani ya mkonge yanayoingia korona, yaani mashine ya kukwangua nyama ya jani ili kupata singa (nyuzi ndefu), singa zinazopatikana ni takriban tani 4. Zinazobaki ni maji, nyama ya jani na nyuzi fupi. Kwa uzito, basi, taka ndiyo zao kubwa la kiwanda cha mkonge.

Kwa miaka mingi mabaki hayo yalisukumwa kwa maji mpaka mabondeni na mitoni. Yakirundikana huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Yakiingia mtoni hula oksijeni ya maji, na samaki hufa.

Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa biogesi, kisha umeme, ukianzia na uwezo wa kilowati 150. Uozo uleule uliochafua bonde ukafungiwa ndani ya tangi na kufanya kazi. Tope linalotoka baada ya gesi kuvunwa hufaa kuwa mbolea, nayo ikirudi shambani huirudishia ardhi sehemu ya rutuba iliyoondoka na majani.

Hata hivyo, mtambo wa gesi ni hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni kuzuia taka isizaliwe, na hapo kazi iko mikononi mwa mafundi. Visu vya korona visiporekebishwa vizuri, singa nzuri hukatika na kwenda na mabaki. Majani yakikawia baada ya kukatwa, hukauka na nyama yake hung'ang'ania singa, na daraja la singa hushuka. Kila uzembe wa namna hii ni mkonge uliopandwa, ukapaliliwa, ukakatwa na kusafirishwa, kisha ukatupwa.

Hatua ya pili ni kutenga. Mabaki yaliyozimuliwa kwa maji mengi hudai tangi kubwa zaidi, na mchanga ukiingia hujaa chini na kupunguza nafasi. Nyuzi fupi zikichujwa mapema huuzwa. Zikishachanganyika na tope, kuzipata tena ni gharama. Kanuni hii haihusu mkonge peke yake. Katika kiwanda cha nguo, vipande vya pamba safi vina mnunuzi, lakini vikilowa mafuta ya mashine huishia jalalani.

Kwa hiyo meneja anayetaka kupunguza taka aanze na mizani. Apime kinachoingia na kinachotoka katika kila hatua, aandike tofauti, na awape wafanyakazi wa zamu hesabu hiyo waione. Hao ndio wanaojua mashine gani inamwaga na saa ngapi. Wakisikilizwa, upotevu mwingi utazibwa kabla kiwanda hakijanunua mtambo wowote.