Kiti cha bibi kwanza, katoni baadaye

Mfanyabiashara wa mpakani haogopi mzigo. Anajua gunia lipi likae chini, boksi lipi lipande juu, na pembe ipi ya buti bado inaweza kumeza dazeni ya kandambili. Lakini likizo inapofika, na safari hii abiria mkuu ni mama yake mzazi anayetembelea skuta ya umeme, ujuzi huohuo unaweza kumponza. Skuta hiyo si mzigo. Ni miguu ya mtu.

Chombo chenyewe ni kigari kidogo cha magurudumu matatu au manne, chenye kiti, usukani na betri. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye magoti, nyonga au pumzi havimruhusu tena kutembea mwendo mrefu. Aina ndogo hufunguka vipande vinne au vitano na kuingia kwenye gari la kawaida. Aina kubwa hupita kilo 100 na huhitaji gari la mizigo au mbao imara za kupandishia.

Chukua familia moja ya Moshi inayokwenda Mombasa kwa Noah: baba, mama, watoto wawili na bibi yao. Njia ni Himo, Holili, Taveta, Voi, kisha barabara kuu hadi pwani. Baba ana duka la viatu na njia hiyo anaijua kama kiganja chake. Anapakia masanduku, ndoo ya vyombo, na katoni mbili za kumfikishia mteja, maadamu gari linakwenda hukohuko. Skuta inaletwa mwisho. Haiingii. Mmoja anashauri iachwe nyumbani, bibi atashikwa mkono.

Hapo likizo ya bibi imekwisha kabla gari halijawashwa. Wenzake watakwenda ufukweni na sokoni, naye atabaki chumbani akisema yeye hajambo, waende tu. Wazee wengi hawalalamiki. Hukataa kutoka, na watu hudhani wamechoka.

Dawa ni kugeuza mpangilio: skuta iingie kwanza, vingine vigawane nafasi iliyobaki. Kisichoingia kitume kwa basi siku nyingine.

Pima kabla ya siku ya safari

Wengi hupima sakafu ya buti na kusahau mlango wake. Pima upana na urefu wa uwazi, kisha ufanye jaribio kamili siku mbili kabla. Ng'oa kiti, toa betri, laza usukani, kisha unyanyue kipande kimoja kimoja. Kipande kizito mara nyingi ni cha nyuma chenye mota. Kinyanyuliwe na watu wawili, kwa nguvu ya miguu, si ya mgongo.

Skuta nyingi zina wenzo unaoachia mota ili chombo kisukumwe kwa mkono. Wenzo huo ukiachiwa, breki haishiki. Usiuguse kwenye mteremko bila mtu kushikilia skuta, na uurudishe kabla bibi hajakaa. Wakati wa kupandisha kwenye mbao, asikae mtu juu yake, wala asisimame mtu chini yake.

Ndani ya gari, vipande vizito vikae chini kabisa, vifungwe kwa mikanda ya mizigo kwenye fremu, si kwenye mikono ya kiti wala usukani. Breki ya ghafla ikipigwa, kitu kisichofungwa huruka mbele na kuwapiga waliokaa. Juu ya skuta pasipangwe kitu. Bibi naye akae kwenye kiti cha gari na afunge mkanda. Skuta si kiti cha kusafiria ndani ya gari linalotembea.

Betri ina adabu zake. Ichajiwe usiku wa kuamkia safari, kwani kuchaji huchukua saa nyingi na hakumaliziki kwenye kituo cha chai. Ncha zake zifunikwe zisigusane na chuma, ikae mbali na dumu la mafuta, na isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Kati ya Taveta na Voi ni zaidi ya kilomita 100, na njia inapita kwenye nyika ya Tsavo ambako jua halina huruma.

Kwa wanaokwenda upande mwingine, kuna jambo la plagi. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia plagi ileile ya pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia tundu za duara, hivyo adapta inunuliwe mapema.

Mpakani ni ukweli tu

Holili na Taveta ni kituo cha pamoja: anayetoka Tanzania humaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Kenya. Dereva aandae kadi ya gari, kibali cha muda cha gari na bima ya Kadi ya Njano, na kila abiria awe na hati yake ya kusafiria.

Skuta nayo ina maswali yake. Maofisa wamezoea kuona magurudumu yakibeba biashara. Busia, na pia kati ya Goma na Gisenyi, watu wenye ulemavu hujipatia riziki kwa kuvusha bidhaa kwa baiskeli za mikono za magurudumu matatu. Ofisa akiuliza skuta ni ya nani, hiyo ni kazi yake. Majibu mazuri ni risiti ya ununuzi, namba ya chombo, barua ya daktari, na bibi mwenyewe kuwapo.

Kinachoharibu ni kuficha pea tatu za viatu kwenye kikapu chake. Zikionekana, kifaa cha mgonjwa kinageuka kichaka cha magendo, na bibi anakaa juani akisubiri kesi isiyo yake. Bidhaa zitangazwe kama bidhaa.

Anayetaka kuziingiza skuta hizi kwa kuuza afanye hesabu nyingine. Vyombo vya watu wenye ulemavu, vyenye mota au visivyo na mota, vina kifungu chao cha ushuru, 8713, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina misamaha kwa vifaa vyao. Lakini duniani skuta zimewahi kubishaniwa kama ni za kifungu hicho au ni magari ya abiria ya kifungu 8703. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa kinachoangaliwa ni iwapo chombo kimebuniwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu pekee. Kwamba mtu mzima wa afya anaweza kukipanda si hoja. Kabla ya kulipia kontena, muulize wakala wa forodha.

Kufika ni kutembea

Mombasa, skuta haipendi mchanga laini, na maji ya chumvi huua nyaya zake. Bora kuchagua mahali penye sakafu ngumu, kama Mama Ngina, ufukweni mwa kisiwa. Huko kuna mibuyu, madafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, na meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu.

Familia ya Moshi ikiwa imepanga vizuri, jioni hiyo hakuna anayemshika bibi mkono. Anatangulia mwenyewe kuifuata meli, na wajukuu wanamkimbilia nyuma wakimwambia asiende haraka.