Jiunge na chama kabla ya gari kukukwamia nyikani

KUWA na gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne si sawa na kujua kuliendesha nyikani. Wengi hutambua tofauti hiyo wakiwa wamekwama kwenye udongo mweusi wakati wa masika, jua likitua na simu ikikosa mawimbi.

Ndiyo maana wapenzi wa safari hizi huungana katika vyama. Faida ya kwanza ya chama si starehe bali usalama: magari yakisafiri pamoja, moja likikwama jingine hulivuta.

Anayetaka kujiunga asikimbilie kununua gari ghali. Ni busara aombe kwanza kuandamana na wanachama kama mgeni katika safari moja au mbili. Aidha, aulize ada ya kila mwaka inalipia nini, ni nani hutoa mafunzo, na kuna mpango gani iwapo mtu atajeruhiwa mbali na hospitali. Chama kisichokuwa na majibu ya maswali hayo si cha kutegemewa.

Mafunzo huanza na mambo madogo. Mwanagenzi hufundishwa kutumia gia za nguvu ili gari lipande au kuteremka mlima polepole bila kutegemea breki pekee. Hufundishwa pia kupunguza upepo wa magurudumu kwenye mchanga ili yatandazike yasizame, kisha kuujaza tena kabla ya kurejea kwenye lami. Kadhalika, hujifunza kupima kina cha mto kabla ya kuuvuka. Maji yakienda kwa kasi, dereva hodari hungoja.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi hutokea gari likivutwa. Mkanda au kamba ya chuma ikikatika inaweza kumuua aliyesimama karibu. Kwa sababu hiyo, watazamaji husogezwa mbali, na mkanda hufungwa mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, kamwe si kwenye tufe la kukokotea trela, ambalo huweza kung'oka na kuruka kama risasi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: gurudumu la akiba lililo zima, jeki na ubao wa kuiwekea, sepetu, mkanda wa kuvutia, pampu ya upepo, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Winchi inaweza kusubiri.

Isitoshe, mwanachama anapaswa kusoma mkataba wake wa bima, kwani si kila bima hulipia hasara inayotokea nje ya barabara. Akumbuke pia kwamba katika mbuga za kitaifa ni marufuku kuacha njia, na kwamba ardhi ya watu huingiwa kwa idhini yao.

Mfano bora wa manufaa ya mchezo huu ni Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989. Timu hupewa saa 10 kufikia vituo 13 vilivyotawanywa nyikani. Mshindi si mwenye mbio, bali aliyevifikia kwa kutumia umbali mfupi zaidi. Wasio na magari nao wana kazi, kwani baadhi hukimbia mbele ya gari wakitafuta njia katikati ya mawe na miiba.

Fedha zinazochangwa na washiriki zilisaidia shirika la Rhino Ark kujenga ua wa umeme wa takriban kilomita 400 kuzunguka milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka wa 2009. Ua huo hulinda msitu na wanyama, na huwazuia ndovu kuharibu mashamba ya wakulima jirani.

Kwa hivyo, mwenye gari la aina hii asione haya kuanza kama mwanafunzi. Kuuliza si ujinga, na nyika haina huruma kwa mjuaji.