Shilingi Mbili Zilizozaliwa Sawa

Mnunuzi wa mahindi kutoka Mombasa akifika Mkata au Kabuku mkoani Tanga, hesabu hufanywa kwa kichwa: shilingi ya Kenya moja, zetu za Tanzania kama ishirini. Na mara nyingi hufuata maneno ninayoyasikia tangu zamani, kwamba wenzetu wametuacha mara ishirini. Si kweli, na wanaoyasema hupitwa na historia ambayo wakulima wa Handeni na Korogwe waliigharimia kwa jasho lao.

Yeni moja ya Japani nayo hununua shilingi zetu kati ya 15 na 20, karibu sawa na shilingi ya Kenya. Hakuna atakayedai kwa sababu hiyo kwamba uchumi wa Japani na wa Kenya una kimo kimoja. Idadi hiyo hutegemea hesabu ilianzia wapi na bei zimepanda kiasi gani tangu hapo. Kinachomgusa mkulima ni mwendo wa kiwango cha kubadilisha fedha: kinatoka wapi, kinakwenda wapi, kwa kasi gani, na nani anaamua.

Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, fedha ya Wajerumani huku ilikuwa rupia. Mwaka 1904 serikali yao ikapanga kwamba rupia 15 ni sawa na mark 20 za Ujerumani, na ikawa hivyo. Waingereza walipochukua nchi walileta shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, bodi iliyoundwa London mwaka 1919. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Kiingereza, iwe Nairobi, Kampala au Handeni. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 1966 ikatoa shilingi yetu. Ya Kenya ikafuata Septemba. Zilizaliwa sawa kabisa, moja kwa moja, na dola ya Marekani ikiwa shilingi 7 na senti 14.

Novemba 1967 Uingereza ikashusha thamani ya pauni. Afrika Mashariki ikakataa kufuata, na pauni ikawa shilingi 17 na senti 14. Uamuzi huo ulionekana wa heshima kwa nchi changa. Lakini mkonge wa Korogwe uliuzwa kwa bei za London. Tuseme tani imeuzwa pauni 70: kabla ya hapo ililetea shamba shilingi 1,400; baada ya hapo, pauni zile zile zikaleta shilingi 1,200, na gharama za shambani zilibaki pale pale.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Februari mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Katika miaka hiyo shilingi mbili ziliachana, tena si kwa namna ambayo wengi wanadhani. Mwaka 1982, kwa wastani, dola moja ilikuwa shilingi 9 na senti 30 za Tanzania, na karibu shilingi 11 za Kenya. Kwa vitabu vya benki, shilingi yetu ilikuwa na nguvu kuliko ya Kenya! Aliyeishi wakati ule anakumbuka foleni za sabuni, sukari na mafuta ya kupikia.

Vita vya Uganda, mafuta ghali ya petroli na kushuka kwa bei ya kahawa vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, ila kiwango rasmi kikaachwa karibu palepale. Shamba la mkonge lililouza nje lilikabidhi dola zake benki na kulipwa shilingi tisa na kitu kwa kila moja. Likitaka dola ya kuagiza vipuri vya korona, mashine ya kuchakata mkonge, lilipanga foleni ya vibali, huku mtaani dola hiyo hiyo ikiuzwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Mahindi yaliuzwa kwa Shirika la Usagishaji la Taifa kwa bei ya serikali, na yaliyopita njia za panya kwenda Kenya yalilipwa vizuri zaidi. Mwaka 1983 walikamatwa walanguzi wengi kwa uhujumu uchumi. Kwa maoni yangu walikamatwa watu wakati ugonjwa ulikuwa kwenye kiwango. Tanzania iliyovuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge mwaka 1964 ilifika mwishoni mwa miaka ya 1980 ikivuna chini ya tani 40,000. Kamba za nailoni zilichangia, na utaifishaji pia, lakini dola ya shilingi tisa ilimaliza mashamba yaliyokuwa bado yanahema.

Kuanzia 1986, chini ya Rais Mwinyi, kamba ililegezwa. Dola, iliyokuwa imeshapanda hadi shilingi 17, ikafika 40 ndani ya miezi michache, na kufikia 1990 ikakaribia 195, wakati Kenya ilikuwa 23. Shilingi moja ya Kenya ikawa zaidi ya nane zetu. Sehemu kubwa ya tofauti ya leo ilizaliwa hapo: ni deni la miaka iliyotangulia, lililolipwa kwa mkupuo.

Siku hizi kiwango cha shilingi hizi mbili hupatikana hasa kwa kupitia dola, kwa hiyo habari ya Nairobi hufika Handeni bila hodi. Januari 2024 Kenya ilikuwa na hofu ya deni kubwa lililotakiwa kulipwa Juni. Dola ikafika shilingi 160 zao, na moja yao ikanunua chini ya 16 zetu. Februari wakapata mkopo mpya, hofu ikatulia, na mwishoni mwa Machi ikanunua zaidi ya 19. Gunia la shilingi 4,000 za Kenya lilitoka kama 63,000 hadi kama 77,000 za kwetu ndani ya miezi miwili, bila bei ya Mombasa kuguswa.

Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala Novemba 2013. Lengo la 2024 limepita, na sasa unatajwa mwaka 2031. Ikitimia, kuna siku shilingi yetu itabadilishwa kwa kiwango kimoja cha kudumu. Siku hiyo mkulima wa Mkata na kibarua wa mkonge wa Korogwe wanastahili kuwa na msemaji mezani, kwa maana mwaka 1967 hawakuwa na yeyote.